Ubao Nilioufuta: Maneno juu ya Vijana Wapendao Kuchora

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kuumba na Mwenye kutia sura, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Katika nyumba nyingi za Waislamu yuko mtoto asiyeweza kuona kipande cha mkaa asikiokote akachora ukutani. Wazazi wengine humcheka, wengine humpiga, na wengine hupeleka mashtaka kwa maalim wake. Mimi nami ni maalim, na siku moja yalinifikia mashtaka hayo, nikayahukumu kwa haraka. Leo nataka kuwasimulieni, ndugu wasomaji, namna nilivyokosea na nilivyorejea, huenda likawa funzo kwa mwenye mtoto wa namna hiyo.

Kijiji chetu kimo ndani ya delta ya mto Rufiji, katika Wilaya ya Kibiti. Asiyepajua kwetu na ajue kwamba mto unapoikaribia bahari hugawanyika mikono mingi, na kando za mikono hiyo umeota msitu wa mikoko mkubwa kuliko wowote katika Tanzania; karibu nusu ya mikoko yote ya bara imo humo. Mwaka 2004 delta hii, pamoja na bahari ya Mafia na Kilwa, iliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye thamani kwa ulimwengu mzima. Lakini sisi wenyeji hatuiiti thamani. Twaiita njia, kwa kuwa humo ndimo tupitamo na mitumbwi yetu, na humo ndimo tupatamo samaki, kaa na kuni.

Kijana mmoja wa chuoni kwangu, umri wake miaka 13, alikuwa na tabia ya kuchora. Siku moja nilimwamuru aandike aya za darasa lake. Nilipotazama ubao wake nikakuta aya zimeandikwa vizuri, na pembeni imechorwa mashua yenye tanga, nyuma yake mistari ya mawimbi. Hasira zikanipanda. Nikaufuta ubao ule mbele ya wenzake, aya na mashua pamoja, nikamwambia, "Wachora sanamu mahali pao ni motoni." Yule kijana hakujibu neno. Akakusanya juzuu yake, akaenda zake, na siku 9 hakuonekana chuoni.

Siku ya 10 alikuja mama yake, msuka mikeka. Akaamkia, akaketi mlangoni, akautandika mkeka mpya aliokuja nao. Ukindu wake aliuchemsha, mwingine katika maganda ya mkandaa ukatoka wekundu wa udongo, na mwingine katika rangi za dukani. Mlikuwa na pembe juu ya pembe, na misumeno, na mawimbi yanayofuatana. Akaniuliza kwa upole, "Maalim, mwanangu mashua na mawimbi ameyajifunza kwangu. Je, na huu nao niufute?"

Wallahi nilikosa jawabu, kwani mkeka niliokuwa nimeukalia mimi mwenyewe, ambao juu yake naswali kila siku, ulikuwa na mawimbi yale yale.

Usiku ule nilifungua vitabu. Ni kweli tupu kwamba Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliwaonya kwa ukali wenye kutengeneza sura za viumbe, na mimi silifichi jambo hilo wala silipunguzi. Lakini katika Sahihi ya Bukhari na ya Muslim imepokewa habari ya mtu mmoja aliyemjia Ibn Abbas, akamweleza kwamba chumo lake latokana na kazi ya mikono yake, naye hutengeneza sura. Ibn Abbas akamsikilizisha onyo la Mtume, hata uso wa mtu yule ukabadilika kwa hofu. Kisha hakumwacha na hofu yake. Alimwelekeza kwamba ikiwa hana budi na kazi ile, basi achore miti na kila kisicho na roho. Tazameni hekima ya mwanachuoni: alifunga mlango mmoja, na papo hapo akamwonyesha mwingine ulio wazi. Mimi nilifunga, nikaondoka na ufunguo.

Tena nikairejea Kurani yenyewe. Katika Sura Fatir, aya ya 27 na ya 28, tunaelekezwa kutazama matunda ya rangi mbalimbali, na milima yenye mistari myeupe na myekundu na myeusi sana, na watu na wanyama walivyohitilafiana kwa rangi. Na mwisho wa maneno hayo wanatajwa wanaomwogopa Mwenyezi Mungu kuwa ni wale wenye elimu. Na katika Sura Al-Ankabut, aya ya 20, tunaamrishwa kusafiri katika ardhi tukatazame jinsi uumbaji ulivyoanza. Basi kutazama ni ibada kwa mwenye kukumbuka, na mchoraji ni mtu aliyejaaliwa jicho lisilochoka kutazama.

Wazee wetu wa mwambao waliyajua haya kabla yetu. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika jiwe la kibla, tarehe yake mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Kusini yetu uko msikiti mkuu wa Kilwa Kisiwani, wenye nguzo na makuba yake. Mji ule Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331. Milango ya Unguja na Lamu imejaa maua, minyororo na mawimbi. Wachongaji wale hawakuuona mpaka wa dini kuwa ni umaskini. Waliingia ndani ya mpaka wakalima shamba zima.

Asubuhi nilikwenda nyumbani kwa kijana yule. Nilimwambia, "Mwanangu, nimekukosea kwa kukufedhehesha mbele ya wenzako, na nimekosea kwa kuzifuta aya pamoja na mashua. Nisamehe, urudi chuoni." Akarudi, nami nikamwonyesha mpaka na sababu yake.

Tangu hapo ndipo nilipoanza kujifunza kwake. Mjomba wake alikuwa na mashua, huchukua mchele, nazi na mikeka mpaka Kilindoni, Mafia. Kijana alifuatana naye kila chuo kilipofunga. Aliporejea alinieleza mambo niliyoyapita mara nyingi nisiyaone: kwamba maji ya mto wakati wa masika ni ya rangi ya chai ya maziwa, na yanapokwenda mbali baharini hubadilika kuwa kijani, kisha buluu, kwamba mizizi ya mikoko maji yakipwa huwa na mstari wa matope, nawe waweza kuusoma ukajua bamvua lilifika wapi, na kwamba tanga kuukuu lina rangi nyingi kuliko tanga jipya. Hakuwa na fedha za kununua vifaa. Alichora juu ya vibao vya makasha, kwa masalio ya rangi za mashua.

Asidhani mtu kwamba kuanza hivyo ni unyonge. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 pande za Tunduru, alikuwa mtu wa kazi za mikono Dar es Salaam. Kiasi cha mwaka 1968 alianza kuchora juu ya vibao vya ujenzi kwa rangi za kawaida za dukani. Alifariki mwaka 1972, na leo jina lake limekuwa jina la mtindo unaojulikana ulimwenguni. Yeye alichora sana wanyama, na katika hilo mimi simfuati. Lakini aliyoyatumia yalikuwa yale yaliyokuwa karibu na mkono wake, na hilo ni funzo.

Miaka ikapita, na mjomba yule akafariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Kijana, sasa mtu mzima na mvuvi, akanijia usiku. "Maalim," akasema, "nataka kumchora mjomba ameshika usukani, nisije nikamsahau." Nilimhurumia mno, lakini sikuweza kumwambia lisilokuwa moyoni mwangu. Nikamkumbusha Ibn Abbas. Akanyamaza, akaenda zake, nami nilichelea asije akapotea tena kwa siku 9.

Baada ya juma moja aliniletea kibao. Alikuwa amechora mashua imefungwa kwenye mzizi wa mkoko, maji yamepwa, tanga limekunjwa, na juu ya ubao wa tezi imewekwa kofia ya mkono. Hapana mtu ndani yake. Mjane wa marehemu alipoiona alilia, akamwombea mumewe. Kila aliyemjua mzee yule alimtambua.

Enyi wazazi, msifute ubao kwa hasira. Mwelezeni mtoto mpaka, kisha mpeni kazi ndani yake: apambe jalada la juzuu, aandike majina ya mashua, amsaidie mama yake kuchagua rangi za ukindu. Mzoezeni asiandike maneno ya Mwenyezi Mungu penye kukanyagwa, na asiache swala kwa ajili ya rangi. Na enyi vijana, msingoje safari ya mbali. Shukeni gatini maji yakipwa, mtazame.

Ama mkeka ule niliununua. Ndio nikaao juu yake ninaposomesha. Wallahu aalam.