Hewa Isiyovuja: Kuchagua Saksafoni ya Kwanza Ufipa

Mwanafunzi wa Sumbawanga anayetaka kujifunza saksafoni hukabiliwa na vikwazo viwili: bei ya ala yenyewe, na umbali wa fundi wa kuitengeneza. Hata Mbeya iko zaidi ya kilomita 300. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba fizikia ya sekondari yatosha kumwongoza mnunuzi asipoteze fedha zake.

Saksafoni ilibuniwa na Mbelgiji Adolphe Sax, aliyeipatia hataza mjini Paris mwaka 1846. Ingawa mwili wake ni wa shaba njano, yaani mchanganyiko wa shaba na zinki, wataalamu huihesabu pamoja na ala za mbao, kwa sababu sauti yake huanzia kwenye ulimi mwembamba wa tete uliofungwa kwenye kipande cha mdomoni. Pumzi huutetemesha ulimi huo, nao huitetemesha safu ya hewa iliyomo ndani ya bomba. Safu ikiwa ndefu sauti huwa nzito. Ikifupishwa kwa kufungua matundu, sauti huwa nyembamba.

Bomba hilo lina umbo la pia, yaani koni. Kwa hiyo kibonyezo cha oktavu kikibonyezwa, mitetemo huwa maradufu, na vidole hubaki karibu vile vile. Katika klarineti, ambayo bomba lake ni mcheduara, mitetemo huongezeka mara 3, na mpigaji hulazimika kujifunza mpangilio mwingine wa vidole. Hii ndiyo sababu moja ya saksafoni kuwa nyepesi kwa anayeanza.

Ala inayovuja

Wahunzi wa kale wa Ufipa waliyeyusha mawe ya chuma katika tanuri ndefu za udongo zilizovuta hewa zenyewe bila mivukuto, kisha wakakisafisha chuma hicho katika tanuri ndogo zilizovuviwa. Mvukuto uliotoboka humchosha mvuviaji, na moto haukolei. Saksafoni nayo ni hivyo hivyo. Ina matundu zaidi ya 20, na kila tundu lina kifuniko chenye pedi ya ngozi. Pedi moja ikikauka au kupinda, hewa huvuja, na sauti nzito hukataa kutoka. Mwanafunzi hupuliza kwa nguvu mpaka akachoka, kisha akaamini kuwa hana kipaji, kumbe kasoro ni ya ala. Wengi huiacha hapo.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, fanya majaribio haya. Ingiza kurunzi ndogo ndani ya bomba katika chumba chenye giza, ufunge vifuniko kimoja kimoja. Mwanga ukipenya ukingoni mwa pedi, hewa nayo itapenya. Bana ukanda wa karatasi nyembamba chini ya kila pedi na kuuvuta taratibu. Ushikwe sawasawa pande zote. Tazama kama shingo ya ala imepinda na kama springi zina kutu. Mwisho, mwombe anayejua apige sauti nzito kuliko zote kwa pumzi ndogo.

Mwinuko na baridi

Sumbawanga iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Je, hewa nyepesi huiharibu sauti? La. Kanieneo na densiti hupungua pamoja, hivyo mwendo wa sauti haubadiliki kwa ajili ya mwinuko. Linalobadili ni halijoto. Katika nyuzi 20 za Sentigredi mwendo huo ni kama mita 343 kwa sekunde, nao hupungua kwa mita 0.6 hivi kwa kila nyuzi moja inayoshuka. Hewa ya ndani ikipoa kwa nyuzi 10, sauti hushuka karibu theluthi ya nusu-toni. Asubuhi ya baridi, basi, pasha ala moto kwa pumzi kwanza. Ikibaki chini, sukuma kipande cha mdomoni ndani kidogo ili kulifupisha bomba.

Kununua kwa busara

Anayeanza achague alto: ni nyepesi kuliko tenori na kwa kawaida bei yake ni nafuu. Alto iliyotumika lakini haivuji ni bora kuliko mpya ing'aayo inayovuja. Gharama ya kubadili pedi ihesabiwe kuwa sehemu ya bei. Asiye na fedha bado aanze na rekoda ya plastiki, kwani vidole vyake vinafanana kwa kiasi kikubwa na vya saksafoni.

Shule nayo yaweza kununua ala moja kwa ajili ya wengi. Ndivyo bendi nyingi nchini zilivyokua: NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa chini ya chama cha wafanyakazi, na wanamuziki hawakulazimika kujinunulia ala. Lakini kila mwanafunzi awe na ulimi wake na kipande chake cha mdomoni, maana maradhi yanayoambukizwa kwa mate hayapaswi kupewa njia.

Mwalimu wa fizikia akisimamia ununuzi huo pamoja na wanafunzi wake, darasa litapata somo la mawimbi, na shule itapata ala inayoimba.