Rezistansi Ndogo, Uzima wa Baba

Kijana mupenzi, unatengenezea baba tochi ya kushuka nayo mu shimo? Usifunge ledi moja kwa moja ku batri ya litiyumu, inaweza kuungua. Hesabu kwanza. Batri iliyojaa iko na volti 4,2. Ledi nyeupe ya wati 1 inakula karibu 3,2. Inabaki volti 1. Weka rezistansi ya omu 3,3: umeme utakuwa karibu ampere 0,3.

Lakini ile rezistansi itabeba moto wa wati 0,3. Ya robo wati ni bei chini, ila inaweza kuungua mule chini, baba abaki mu giza. Chukua ya wati 1.

Mwanga ukipunguka polepole, batri inaisha: ni alama ya kupanda. Tochi ya pili isikose.

Luka 16:10 inaanzia ku vitu vidogo kama hivi.