Goli Lililokupita: Namna ya Kurudisha Nyuma Mechi ya Mubashara

Umeinuka kumfungulia mgeni mlango. Ukirudi, wachezaji wanakumbatiana na goli limeshakupita. Unabonyeza kitufe cha kurudisha nyuma, nacho hakifanyi kitu. Wengi hulaumu rimoti au intaneti. Mara nyingi chanzo ni kumbukumbu: hakuna aliyezihifadhi sekunde unazozitaka.

Mechi ya mubashara haikufikii ikiwa nzima. Katika mfumo wa HLS, ulioletwa na Apple mwaka 2009, seva huikata picha vipande vifupi, kwa kawaida vya sekunde 6 hivi, na kutoa orodha ya maandishi inayovitaja vilivyo tayari. Kicheza video huisoma orodha hiyo tena na tena ili kujua kipande kinachofuata. Kipya kikiongezwa chini, cha zamani huondolewa juu. Kanuni za HLS zinaruhusu orodha ya mubashara iwe fupi kiasi cha vipande vitatu tu, yaani sekunde 18. Goli la dakika mbili zilizopita halimo tena.

Kwa hiyo anayetengeneza programu-jalizi ya michezo, tuseme ya Kodi, programu ya kuchezea video ambako nyingi huandikwa kwa Python, ana swali la kujibu kabla hajaweka kitufe: nani atakumbuka?

Seva inaweza kukumbuka. HLS ina aina ya orodha inayoongezwa tu bila kupunguzwa; mwenye kuitumia anaweza kurudi hadi mpira ulipoanza, hata kama amechelewa kuwasha. Lakini uamuzi huo ni wa mwenye matangazo na haki zake. Tena, kipande ambacho kifaa hakikukihifadhi hupakuliwa upya, na bando hulipia mara ya pili.

Kifaa nacho kinaweza kukumbuka. Programu-jalizi huhifadhi kila kipande kinachopita, na nafasi ikijaa hufuta cha zamani kuliko vyote. Hesabu yake ni nyepesi: kwa picha ya megabiti 3 kwa sekunde, kipande cha sekunde 6 ni megabaiti 2.25. Saa mbili ni vipande 1,200, karibu gigabaiti 2.7. Kisanduku cha bei nafuu huenda kisizimudu, lakini nusu saa, chini ya megabaiti 700, inatosha kuokoa magoli mengi. Kurudi nyuma huku hakuli bando, kwa kuwa vipande vimeshalipiwa. Kasoro yake ni kwamba hakuvuki dakika uliyowasha.

Njia yoyote ikichaguliwa, kuna mtego mmoja unaowanasa waandishi wengi wa programu: kuhesabu vipande kwa nafasi yake katika orodha. Orodha inasogea, kilicho cha tano sasa hivi kitakuwa cha nne baada ya sekunde chache, na mtazamaji aliyeomba sekunde 30 atajikuta pengine kabisa. HLS hukipa kila kipande namba ya mfuatano, na orodha hutaja namba ya kipande chake cha kwanza. Ishike namba hiyo, jumlisha urefu wa kila kipande, nawe utajua kila dakika inakaa wapi.

Linabaki jambo la heshima kwa mtazamaji. Mstari wa muda umwonyeshe mwisho wa kumbukumbu, asibonyeze kitufe akisubiri kisichokuwepo. Na pawepo kitufe cha pili cha kumrejesha mubashara mara moja, maana aliyerudi nyuma anataka pia kuuwahi mpira unaoendelea.

Hapo kazi imekamilika. Mgeni akishaketi, unarudi nyuma dakika mbili, vipande 20 tu, na goli mnalitazama pamoja.