Vitamini D: kidonge kilichotwikwa mzigo usio wake

Maswali yenu kuhusu vitamini D yamerundikana, na karibu yote ni mamoja: ukiacha mifupa, je, vidonge hivi vinazuia kansa, presha, sukari na kifua kikuu? Msomaji mmoja ameuziwa kopo stendi ya basi akaambiwa linatibu yote manne, na nguvu za kiume nyongeza. Anayetibu magonjwa matano kwa kopo moja hajui hata moja.

Nianze na kifua kikuu, maana hapo hata wanasayansi wenyewe waliingiwa na tamaa. Mwaka 2006 watafiti wa Los Angeles walionyesha jinsi makrofaji, seli za kinga zinazomeza vijidudu, zinavyoitumia vitamini hii. Seli ikimtambua bakteria wa kifua kikuu, inawasha mitambo miwili kwa mpigo: kimeng'enya kinachoigeuza vitamini D ya kwenye damu kuwa homoni kamili, na kipokezi cha kuinasa homoni hiyo. Kazi tuliyozoea kusema ni ya figo inafanyika ndani ya seli moja, kwa matumizi yake yenyewe! Homoni na kipokezi chake huamsha jeni ya kathelisidini, protini fupi inayotoboa utando wa bakteria. Damu ikiwa na vitamini D haba, mitambo ipo ila malighafi hakuna. Habari hii sichoki kuisimulia.

Lakini seli kwenye maabara si mgonjwa. Ulaanbaatar, Mongolia, watoto wa shule 8,851, karibu wote wenye upungufu, waligawanywa: wengine wakapewa yuniti 14,000 kila wiki kwa miaka mitatu, wengine vidonge vitupu. Vitamini ilipanda kwenye damu, maambukizi hayakushuka. Dar es Salaam nako, watu wazima 4,000 wanaoishi na VVU, waliokuwa wanaanza ARV huku vitamini D yao ikiwa chini, waligawanywa vivyo hivyo, vitamini au vidonge vitupu. Vifo havikupungua, wala kifua kikuu. Matokeo ya tafiti zote mbili yalitoka 2020.

Kansa na moyo? Marekani watu 25,871 walifuatiliwa kwa takriban miaka mitano, nusu yao wakimeza yuniti 2,000 kila siku. Kansa, mshtuko wa moyo na kiharusi vilibaki palepale. Faida iliyojitokeza ni magonjwa ya kinga kuushambulia mwili wenyewe, yaliyopungua kwa asilimia 22. Hiyo inastahili kufuatiliwa, si kutangazwa kwa kipaza sauti. Zile tafiti za zamani zilizokuta wagonjwa wengi wana vitamini D kidogo zilisahau kwamba mgonjwa hashindi nje juani.

Sasa hili la kumwanika mtoto saa moja asubuhi kwa kuwa "jua la asubuhi lina vitamini". Jua halina vitamini. Ngozi inahitaji mionzi ya urujuanimno aina ya B, na jua likiwa limeinama mionzi hiyo huchujwa angani kabla ya kutufikia. Kivuli chako kikiwa kirefu kuliko wewe, unaota jua tu. Nyuma ya kioo cha dirisha ndiyo usihangaike kabisa. Na wanaodai ngozi nyeusi haiwezi kazi hii wawaulize Wamasai na Wahadzabe: watu 60 walipimwa, matokeo yakachapishwa 2012, na wastani wa vitamini D kwenye damu yao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, zaidi ya mara mbili ya 50 inayohesabiwa kutosha mifupa. Ngozi nyeusi inachelewa tu, haishindwi.

Ushauri ni mfupi. Mtu mzima anahitaji yuniti 600 kwa siku, 800 akivuka miaka 70, na asizidishe 4,000 bila daktari, kwani kalsiamu ikipanda kwenye damu figo ndizo zinazolipa. Wazee wasiotoka ndani, watoto wachanga na wanaotumia dawa za kifafa waulize kliniki.

Na wewe mwenye kopo la stendi: kama uliacha dawa za presha kwa ajili yake, rudi kliniki kesho asubuhi. Kopo nenda nalo, daktari asome lebo.