Fahamu: Kwa nini gari hula mafuta zaidi wakati wa baridi

Dereva wa Chicago hugundua jambo hilo Januari: safari ni zilezile, lakini tangi linakauka mapema.

Baridi inaongeza kiasi gani?

Wizara ya Nishati ya Marekani inakadiria kuwa katika safari za mjini, gari la petroli kwenye nyuzijoto 7 chini ya sifuri hutembea umbali pungufu kwa asilimia 15 hivi kwa kila lita, likilinganishwa na nyuzijoto 25. Safari ikiwa ya kilomita 5 au 6 tu, pengo linaweza kufika asilimia 24.

Oili inahusikaje?

Oili ikipoa huwa nzito, na injini hutumia nguvu zaidi kuisukuma. Ndiyo maana dumu huandikwa, kwa mfano, 5W-30. Herufi W, ya neno la Kiingereza “winter”, inawakilisha majira ya baridi. Namba inayoitangulia ikiwa ndogo, oili hiyo hubaki nyepesi zaidi kwenye baridi. Namba ya pili huonyesha uzito wake injini ikishapata moto.

Kutumia 10W-30 kwenye injini iliyoundwa kwa 5W-30 kunaweza kupunguza ufanisi kwa asilimia 1 hadi 2.

Sababu nyingine

Upepo wa tairi hupungua, hivyo tairi huviringika kwa ugumu zaidi. Hewa ya baridi ni nzito, hivyo hulikinza gari zaidi.

Dereva afanye nini?

Atumie oili iliyotajwa kwenye kitabu cha gari, apime upepo, aunganishe safari fupi. Kuacha gari likinguruma muda mrefu hakusaidii: injini hupata moto haraka zaidi ikiendeshwa taratibu.