Mgonjwa Asiyepona na Dawa ya Maumivu



Mara nyingi mgonjwa wa saratani hurudishwa nyumbani na jamaa huambiwa kwamba hakuna la kufanya tena. Lipo. Huitwa tiba shufaa, yaani kumpunguzia mgonjwa maumivu, kichefuchefu na hofu, na kuwasaidia wanaomuuguza, hata kama ugonjwa wenyewe hautaondoka. Nairobi Hospice ilianza kazi hii mwaka 1990. Uganda ilianza 1993 kwa juhudi za daktari Anne Merriman, na mwaka 2004 sheria ya huko iliwaruhusu hata wauguzi waliofunzwa kuandika mofini.

Mofini ndiyo inayotia watu wetu wasiwasi. Kwa maumivu makali hutolewa ya maji, mgonjwa akainywa kila baada ya saa nne bila kungoja maumivu yarudi. Kipimo hupangwa na mtaalamu, huanza kidogo na kuongezwa taratibu. Hufunga choo, kwa hiyo huandamana na dawa ya kulainisha choo.

Wako wanaoikataa wakisema ni kileo. Kileo hutafutwa kwa starehe. Huyu anatafuta nafuu, na maulamaa wameruhusu dawa ya namna hii kwa haja, kwa kiasi chake. Wengine husema mgonjwa asubiri apate thawabu. Subira ni yake yeye, si yetu sisi tuliokaa kitini tukimtazama anavyojinyonganyonga! Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kutafuta dawa. Tena mwenye maumivu makali hata Sala humshinda, ilhali aliyetulizwa anaweza kutayamamu na kusali kwa kukaa au kulala ubavu.

Ama kuzidisha dawa kwa makusudi ili afe, hilo ni kuua, hata akiomba mwenyewe. Mtume (S.A.W.) amekataza hata kutamani mauti kwa sababu ya shida iliyompata mtu. Kutuliza maumivu na kukatisha uhai ni mambo mawili mbali, na niya ndiyo inayoyatenga.

Jambo jingine ni kumficha mgonjwa hali yake. Tunadhani tunamhurumia, kumbe tunamnyima nafasi. Ana madeni, ana amana za watu, huenda ana ndugu waliyekosana. Wasia wake kwa wasiokuwa warithi hauvuki thuluthi ya mali, na hauandikiki akili ikishapotea. Akiuliza, ajibiwe kwa upole, na mtu anayemwamini.

Siku za mwisho huacha kula. Asilazimishwe kijiko mdomoni, kwani chakula chaweza kumpalia. Midomo iloweshwe kwa pamba yenye maji. Vijana wanaweza kumgeuza kitandani asipate vidonda, na kumsomea Qur'ani kwa sauti ya chini. Mauti yakikaribia, mmoja amtamkie shahada polepole. Akishaitamka asimrudierudie akamchosha, ila akizungumza neno jingine baada yake, hapo akumbushwe tena.