UZI: “Tutawainua wafanyabiashara wadogo.” Kivipi hasa?

Hiyo sentensi haikosi kwenye mdahalo wowote wa uchaguzi. Ikisemwa, watu hupiga makofi, msimamizi anarukia swali jingine, basi imeisha. Mimi nasoma sayansi ya siasa na nimekulia Mji wa Kale hapa Mombasa, na makofi hayo hunikera. Ahadi yenyewe si mbaya. Lakini hakuna anayeuliza: mtamwinua nani, na kinachomlemea ni nini?

Simtaji mwanasiasa wala chama. Waliokuja kwa matusi, mlango ule pale. Twende.

Chukua watu watatu, wote utawapata bila kutoka kisiwani. Mama wa mahamri: unga ananunua jioni, kufika saa nne asubuhi pesa imesharudi mkononi. Fundi anayechonga milango na masanduku: mbao analipa leo, kazi inamla wiki kadhaa, na mteja huenda akalipa nusu kwanza. Muuza leso wa Biashara Street: anajaza duka kabla ya Ramadhani, anauza sana Idi ikikaribia, kisha miezi mingine anahesabu nzi.

Wote watatu ni “biashara ndogo”. Ila pesa yao haizunguki kwa mwendo mmoja, na hapo ndipo ahadi nyingi hukwama.

Jibu la kwanza jukwaani huwa ni mkopo. Tuangalie uliopo. Hustler Fund ilizinduliwa Novemba 30, 2022. Mkopo wa mtu binafsi ulianza na shilingi 500 hadi 50,000, riba asilimia 8 kwa mwaka, kulipa ndani ya siku 14, na asilimia 5 ya mkopo inakatwa kuwekwa akiba. Ukikopa 1,000 unapokea 950.

Watu hugombania riba. Hebu piga hesabu: 1,000 kwa siku 14 riba yake ni kama shilingi tatu. Tatu! Hata soda hupati. Tatizo ni zile siku 14. Mama wa mahamri ataizungusha pesa hiyo mara kadhaa kabla ya kulipa, na yeye imemfaa kweli. Fundi wetu siku ya 14 bado anapiga msasa. Muuza leso akikopa mwezi ambao si wake, atalipa kwa pesa ya chakula.

Na kuna jambo ambalo wagombea wakija huku kwetu hulipita kimya. Wengi Mji wa Kale hujiepusha na riba kwa dini yao, na kwao riba ya shilingi tatu ni riba vilevile. Benki za Kiislamu zinafanya kazi Kenya tangu 2008, kwa hiyo si kwamba haiwezekani. Mtu akikuahidi hazina mpya ya mikopo, muulize itamfikiaje huyo.

Sasa kodi. Hapa naomba mnivumilie, maana ndipo pesa inapopotelea.

Kuna kodi ya mauzo, wengi huiita TOT. Mwaka 2020 ilishushwa hadi asilimia 1, kisha Sheria ya Fedha ya 2023 ikaipandisha hadi asilimia 3, kwa biashara yenye mauzo ya kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka. Milioni moja inasikika kubwa, si ndio? Igawe kwa siku 365: ni kama 2,740 kwa siku. Kibanda cha viazi karai chenye wateja kinafika hapo.

Lakini neno la kushika ni MAUZO. Sio faida. Muuza samaki ananunua wa 3,600, anauza 4,000. Amebaki na 400, na barafu na tuktuk bado hajalipa. Asilimia 3 ya 4,000 ni 120. Yaani karibu theluthi ya kile alichobaki nacho. Fundi anayebaki na nusu ya bei yake haumii hivyo, ingawa kiwango ni kilekile. Sheria inamruhusu mtu kuomba atolewe TOT alipe kodi ya faida, lakini hapo lazima uwe na vitabu vya hesabu. Muuza samaki na vitabu vya hesabu wapi na wapi.

Halafu eTIMS, ankara za kielektroniki za KRA. Tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara hiyo haikubaliwi kupunguza kodi ya mnunuzi. Mnaona inakoelekea? Hoteli ikinunua samaki kwa mtu asiye na ankara, inalipia kodi pesa ambayo imeshaitumia. Meneja hahitaji kumchukia mtu yeyote. Atanunua tu kwa msambazaji mkubwa. Mwisho wa 2024 sheria ilirekebishwa, mnunuzi akaruhusiwa kutoa ankara kwa niaba ya muuzaji ambaye mauzo yake hayazidi milioni 5. Nimewauliza wauzaji kadhaa mtaani kwetu, hakuna aliyekuwa na habari.

Kwa hivyo mgombea akisema “teknolojia itawakomboa”, mkumbusheni kwamba mlango wa hoteli unaweza kufungwa na teknolojia hiyohiyo. Na simu tayari wanazo. M-Pesa ipo tangu 2007, na muuza leso ana WhatsApp iliyojaa picha. Anachoogopa ni kwamba picha ikishatoka, ule muundo utachapishwa kwingine na kurudi sokoni kwa bei ya chini. (Leso zetu zilikuwa na chapa ya mwenyewe zamani sana, waulizeni wazee kuhusu “Mali ya Abdulla”.) Kusajili muundo ni kazi ya KIPI, na KIPI iko Nairobi.

Mwisho, nani aulizwe nini. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa kaunti masoko, leseni za biashara, utalii wa ndani na vyama vya ushirika. TOT na eTIMS ni za serikali kuu. Mgombea ugavana akiahidi kufuta TOT, anaahidi kitu kisicho mkononi mwake. Muulize leseni ni ya bei gani, inalipwa kwa mkupuo au kidogokidogo, na vibanda vya soko anagawa nani. Mgombea ubunge akiahidi vibanda, mrudishe kwa TOT: utapiga kura ibaki kwenye mauzo, au ihamie kwenye faida?

Uzi ujao ni wa bandari. Maswali wekeni hapa chini, ya matusi nitayapita.